Dawa Iliyoiba Pumzi ya Shahat

Hamtaniamini, na sitapoteza muda wangu kuapa. Hapa kijijini kwetu, kando ya mji wa Qus, kusini mwa Misri, wapo walioyaona haya kwa macho yao na bado wananikatalia uso kwa uso. Lakini mtu mwenyewe yupo, jina analo, mashavu anayo kama mikate miwili iliyoumuka juani, na mkewe ni dada yangu Nafisa. Anaitwa Shahat. Watu wa harusi wote wa upande wetu wa mto humwita Rayisi, kwa kuwa ndiye kiongozi wa kundi na ndiye mpiga zumari. Mimi napiga ngoma kubwa. Bila ngoma yangu Rayisi ni mluzi wa kuitia mbuzi. Hilo mlielewe kwanza, mengine yatafuata.

Shahat alifundishwa zumari na baba yake, na hakufundishwa kwa zumari. Alipewa bakuli la maji na bua la tete. Unatia bua majini, unapuliza, mapovu yanapanda. Sharti ni moja tu: mapovu yasikome. Mdomo unasukuma pumzi iliyowekwa mashavuni, na wakati huohuo pua inavuta nyingine, taratibu, kama paka anayeingia jikoni. Sisi watoto wa mtaa ule tulijaribu sote. Mimi nilikunywa nusu bakuli, nikaona ngoma ndiyo kazi ya watu wenye heshima. Shahat alikaa na bakuli lake mpaka mama yake akalitaka apakulie mboga ya mulukhiya, na mapovu yalikuwa bado yanapanda.

Tangu hapo, zumari ikishaingia mdomoni mwake, sauti haikatiki. Farasi wa kucheza huchoka kabla yake. Wacheza fimbo huketi chini wakaomba maji. Niliwahi kumwona akipiga zumari huku akigombana na baba wa bibi harusi kwa nyusi peke yake, na akashinda ugomvi.

Sasa, sisi tuliokulia ndani ya mfereji, ini letu halikosi kisa. Utotoni kichocho, ukubwani kile kirusi cha ini kilichotembelea kila nyumba. Shahat alimeza vidonge vyake kama wenzake, akapona, akaambiwa arudi hospitali ya mjini kila baada ya nusu mwaka atazamwe. Alikuwa akienda kwa kusukumwa na Nafisa. Safari moja wakaona doa kwenye ini.

Daktari Wagdi, daktari wa ini, ni mtu mrefu asiye na haraka. Alituketisha sote wawili, maana niliingia bila kuitwa.

“Haji Shahat,” alisema.

“Sijaenda hija, Daktari.”

“Inshallah utaenda. Sikiliza. Doa hili linaweza kuwa kovu tu, na linaweza kuwa lile baya. Likiwa baya na bado ni dogo, tunalichoma kwa sindano ya moto, unarudi kwako. Likikua halichomeki tena.”

“Basi toa kipande utazame,” nilisema mimi, kwa sababu mtu akinyamaza sana mbele ya madaktari humwona hana akili.

“Damu yake haigandi upesi. Sindano ya kutoa kipande naiogopa. Nataka picha ya ile mashine ya sumaku, pamoja na dawa ya kuingiza mshipani. Dawa ikifika kwenye ini mara ya kwanza, doa baya huwaka kabla ya sehemu nyingine. Ni muda mfupi mno, na ndani ya muda huo mgonjwa asipumue. Akipumua, ini linapanda na kushuka, picha inavurugika. Haji, utaweza kuzuia pumzi kidogo?”

Shahat alinitazama. Mimi nikamtazama Shahat. Nilicheka mpaka Daktari akauliza kama nami ni mgonjwa.

“Daktari,” nikamwambia, “umemwuliza samaki kama anajua kulowa.”

Mashine ile iko chumba cha chini, nayo inaendeshwa na msichana mmoja wa mji jirani wa Naqada, jina lake Demiana, mdogo wa umbo lakini sauti yake inafika. Alimlaza Shahat, akamfunga mkanda tumboni wa kupima anavyopumua, akamtia ndani ya lile bomba. Mimi nilifukuzwa chumba cha kioo mara mbili. Mara ya tatu alichoka, akaniambia nisimame kona ile na nisiguse kitu.

Akasema kwenye kipaza sauti: “Ami Shahat, vuta pumzi… bana!”

Mashine ikaanza kugonga kama fundi sufuria aliyegombana na mkewe. Demiana akatazama kioo cha kompyuta yake, akakunja uso.

“Ami Shahat, umepumua?”

Sauti ya Shahat ikatoka ndani ya bomba. “Nani? Mimi?”

“Kwani humo umeingia na nani?”

“Binti yangu, nimebana kama ulivyosema.”

Wakarudia, ikawa vilevile. Demiana akatikisa kichwa, akasema labda mkanda umelegea, tuendelee, dawa ikiingia tutaona. Dawa ikaingia. “Vuta pumzi… bana!”

Hapo ndipo niliposikia jambo ambalo sijalisikia tangu tuwe watoto wa bakuli na mabua. Shahat alikatika. Alitoa sauti kama zumari iliyokanyagwa, akahema, akahema tena, halafu kikohozi, halafu kimya. Yote kwa muda wa mtu kumaliza kufunga kilemba. Picha zilipotoka, ini lilikuwa na ini jingine juu yake, na doa lilikuwa limepotea katikati kama mtu kwenye vumbi la farasi.

Alitoka amejishika kifua. Tulipofika ukumbini alinishika mkono.

“Shemeji, kuna mtu alinikalia kifuani.”

“Nani?”

“Ningemjua si ningekwambia? Alikaa, akaondoka. Hata kuaga hakuaga.”

“Uliogopa?”

“Sikupata nafasi ya kuogopa. Nilishangaa tu.”

Daktari Wagdi hakushangaa hata kidogo. Alisema dawa ile ya ini ina tabia hiyo. Si kwa watu wote, ni kwa wachache: ikishaingia, pumzi inawakatikia ghafla, kisha inarudi yenyewe. Mapafu hayana ugonjwa, moyo uko sawa, hewa ndani ya damu haijapungua. Inapita tu.

“Kwa nini inafanya hivyo?” nikauliza.

“Hakuna anayejua sawasawa.”

“Na nyinyi mmesoma miaka yote hiyo?”

“Ndiyo maana bado tunasoma,” alisema, akaandika turudi wiki inayofuata. “Lakini Haji, safari hiyo tunahitaji picha. Doa halitatusubiri sisi tuelewane na dawa.”

Kijijini habari ilifika kabla yetu. Sijui nani aliipeleka. Mimi nilimwambia kinyozi tu, na nilimwambia anyamaze. Kufikia alasiri, mtu akipita mlangoni kwa Rayisi anauliza kwa upole, ule upole wa msibani, “Pumzi vipi leo?” Mmoja akamletea asali nyeusi ya miwa, akasema ni nzuri kwa wazee. Shahat aliila yote kwa ufuta, lakini aliila kwa hasira.

Kilichomsumbua hakikuwa watu. Nilimjua. Alikuwa anakaa kibarazani anavuta pumzi, anaiachia, anavuta, anaitazama mbele ya uso wake kana kwamba ataiona. “Ilikwenda wapi?” aliniuliza. “Miaka yote hii haijawahi kwenda popote bila mimi.” Nami nikaanza kushikwa na udadisi wake. Dawa ya mshipani, imeingilia mkononi, inamtafuta mtu kifuani kwa nini? Nilimweleza kwamba huenda ini na mapafu ni majirani na dawa imekosea mlango. Alisema hayo ndiyo maelezo ya kijinga kuliko yote aliyowahi kusikia, kisha akasema, “Lakini Daktari naye hana mengine.”

Lililonikera mimi ni jingine. Demiana alikunja uso kabla ya dawa. Nililiona kwa macho yangu. Dawa ilikuwa bado iko kwenye bomba lake la sindano, na picha tayari zilikuwa mbovu. Nikamwambia Nafisa.

Dada yangu alikuwa anakanda unga wa mikate ya jua, mikono myeupe mpaka viwiko. Hakuinua uso. “Shahat,” aliita, “njoo hapa. Bana pumzi nikuone.”

Shahat akaja, akasimama, akavuta pumzi, mashavu yakajaa. Nafisa akaendelea kukanda. Akakata matonge, akayaweka kwenye vibao vyake vya udongo, akayatoa nje juani, akarudi, akafagia. Shahat bado amesimama pale, mashavu yamejaa, macho matulivu kama ya ng’ombe.

“Huyu ama ni malaika,” Nafisa alisema, “ama ananidanganya.”

Akachota unga kiganjani, akamwekea chini ya pua.

Wallahi unga ulipanda. Si wote, kidogo kidogo, kwa mstari mwembamba, ukaingia ndani ya masharubu na ukaendelea na safari. Shahat alipiga chafya iliyowatoa kuku uani.

“Ulisema umebana!” Nafisa akapiga kelele.

“Nimebana!”

“Unapumua!”

“Kwa pua! Mdomo si nimebana?”

Hapo nilikaa chini. Kwa sababu nilielewa, na aliyepaswa kuelewa wa kwanza nilikuwa mimi. Kwetu sisi watu wa zumari, bana ni neno la kazi. Baba yake Shahat alikuwa akitupigia kelele juu ya bakuli: bana, bana! Maana yake midomo ikaze, mashavu yasimame, pua ifanye kazi, sauti isikatike. Kubana ni kupumua bila watu kujua. Demiana alimwambia abane, naye alibana, kwa heshima zote, kama mtoto wa bakuli. Na kila alipozidi kumsisitiza abane, ndivyo pua ilivyozidi kuchapa kazi.

“Kwa hiyo dawa haina kosa?” Nafisa akauliza.

“Basi yule aliyenikalia kifuani alikuwa nani?” akasema Shahat, anajifuta unga. “Yule hakuwa neno. Yule alikuwa na makalio.”

Basi tukawa na maswali mawili badala ya moja, na siku chache tu mkononi. La kwanza: tumfundishe kuacha kupumua. Mnadhani ni rahisi? Mwambie mtu wa makamo yake asipepese macho. Alifunga mdomo, pua ikafanya kazi. Alijizuia pua, mdomo ukasaidia. Mimi nilipendekeza kibanio cha nguo. Nafisa alimtia kibanio puani, Shahat akakaa kidogo kisha akakitoa mwenyewe akasema anasikia maiti wanavyosikia. Mimi pia nilijipima, mkitaka kujua, na nilizuia pumzi tangu muadhini alipoanza mpaka alipomaliza. Nafisa anasema muadhini alikuwa na mafua siku hiyo akakatisha.

Iliyotatua ni ngoma. Nasema ngoma, si mimi, ili msinione najisifu; lakini aliyeishika ngoma ni nani? Siku hiyo tulikuwa tunajaribu nyimbo za harusi ya mtoto wa mwenye shamba la miwa. Shahat yuko katikati ya wimbo, nami nikapiga mkato, ule wa mwisho wa wimbo, dum-dum-tak! Zumari ikanyamaza. Ndiyo kanuni: mpiga zumari haachi kwa kutaka kwake, anaachishwa na ngoma. Nikamtazama kifua. Kimetulia. Nikamwekea kidole chini ya pua. Hakuna kitu. Hakuna hata upepo wa mbu.

“Shahat,” nikasema, “pumua, usinifie.”

“Hujanipa ruhusa,” alisema.

Wiki ilipofika tulimkuta Demiana anakunywa chai. Nikamweleza bakuli, unga, bana, mkato, yote pamoja, huku Nafisa akinisahihisha kila mstari. Demiana aliweka gilasi chini. Akafungua kioo chake, akatafuta mstari uliochorwa na ule mkanda wa tumbo siku ile.

“Tazameni,” alisema. “Mimi niliona haya mawimbi madogo mwanzoni nikadhani mkanda. Kumbe ni pua yake! Na hapa, dawa inapoingia…” Akaonyesha mlima. Mstari uliruka juu, ukaanguka, ukaruka tena, kisha ukarudi kwenye vijiwimbi vyake. “Huyu ni mwingine. Huyu ni dawa.” Akacheka peke yake, yale macheko ya mtu aliyepata kitu chake chini ya kitanda. “Walioiba picha ni wawili, sisi tukamkamata mmoja.”

Akamwita Daktari Wagdi. Daktari aliutazama mstari kwa muda mrefu, akaomba aonyeshwe kubana kwa zumari, na Shahat akamwonyesha, na Daktari akajaribu, akapaliwa na mate. Nilimpigapiga mgongoni. Hapo tukawa ndugu.

“Wa kwanza tumempata,” Daktari alisema alipopata sauti. “Wa pili sina dawa yake. Aliyekatika pumzi mara ya kwanza anaweza kukatika tena. Demiana, utafanyaje?”

“Nitaichanganya na maji ya chumvi, niiingize polepole,” alisema. “Na sitaomba pumzi moja ndefu. Nitapiga picha tatu fupi mfululizo. Akiiba moja, atatuachia mbili.” Kisha akamgeukia Shahat. “Ami, yule mtu wa kifuani anaweza kuja tena. Akija usipigane naye. Pumua, mwache apite, ana haraka zake. Ukisikia mkato, unasimama hapohapo ulipo. Sawa?”

“Na mkato atapiga nani?”

Wote walinitazama. Nilirekebisha kilemba changu.

Kabla ya kuingia, Demiana alimpekua Shahat mifukoni, akatoa kibanio cha nguo. “Hiki nini?”

“Cha akiba,” alisema Shahat.

“Kina waya wa chuma! Unataka sumaku ikunyofoe pua?”

“Ni wazo la shemeji.”

“Najua,” alisema Demiana, ingawa hakuna aliyemwambia.

Akaniketisha mbele ya kipaza sauti na akanipa kibao cha kupigia. Picha za mwanzo, bila dawa: nikapiga, dum-dum-tak, na mstari ukalala kama uzi uliovutwa. Demiana akapumua yeye kwa niaba yetu. Nafisa, nyuma ya mlango, alikuwa anasoma Fatiha kwa sauti ya chini, na mimi vidole vyangu vilikuwa vimelowa, maana sasa hapakuwa na mchezo. Doa liko kule ndani, linakua au halikui, na njia ya kulijua ilikuwa hii peke yake.

“Dawa inaingia,” alisema Demiana.

Tukangoja. Akanigusa bega. Nikapiga. Mstari ukalala, ukalala, kisha mwishoni ukaruka. Amekuja, na picha ya kwanza imekwenda naye. Nikamsikia Shahat ndani akihema, na nilitaka kuinuka niende nikamtoe huyo mtu kwa mikono. Demiana akanigusa tena. Nikapiga. Mstari haukusikia ngoma wala nini, ulipanda mlima wake. Picha ya pili imekwenda.

“Mwache apite, Ami,” Demiana alisema kwenye kipaza sauti, taratibu. “Mwache apite.”

Shahat alihema mara moja, ndefu. Demiana akanigusa. Nikapiga kwa nguvu zangu zote, kibao kikapasuka, na mstari ukalala. Ukabaki umelala. Mashine ikagonga, ikanyamaza.

“Pumua, Ami,” alisema Demiana, na nilimwona anajifuta jicho kwa mgongo wa mkono, ingawa yeye anasema ni mafua.

Picha ya tatu ilikuwa safi. Kwenye picha hiyo doa liliwaka. Lilikuwa lile baya, kubwa kama punje ya dengu, na lilikuwa peke yake. “Dogo,” alisema Daktari Wagdi. “Tunalichoma.” Wakalichoma. Amekwisha kutazamwa tena mara mbili, na kila mara yule mtu wa kifuani humjia, humkalia, huondoka, na Shahat siku hizi humsalimu. Bado hakuna anayejua anatoka wapi. Demiana ameahidi kutuambia wa kwanza.

Mwenyewe ameketi hapa kando yangu, anamenya machungwa, nami namsomea kwa sauti kila ninachoandika ili nisikose. Hajanipinga hata mara moja, kwa hiyo mjue yote ni kweli. Limebaki jambo moja ambalo wengine hulificha kwa husuda: Daktari Wagdi alipoiona ile picha ya tatu na kulitamka lile neno, alisimama, akavua koti lake jeupe, akanivika mimi mabegani, akawaita madaktari wote wa ghorofa ile, akawaambia tazameni vizuri, huyu mpiga ngoma ndiye aliye—

“Koti gani, shemeji? Ile ilikuwa shuka ya kitanda, na ulifunikwa kwa sababu Daktari aliposema ‘baya’ ulizirai, mimi mgonjwa ndiye niliyekushika miguu.”